Homoni Isiyo na Asili

Nchi ninayoisimulia ipo. Anayetaka ushahidi alete maombi ya maandishi, nakala mbili, na picha ya pasipoti inayoonyesha masikio yote. Jina lake sitalitaja, na si kwa woga, ni kwa utii tu: sheria yake inamtaka kila anayelitaja aambatishe kibali, na kibali changu bado kinashughulikiwa.

Ni nchi njema. Raia wake hawadanganyi, kwa sababu kila wanachosema kimegongwa muhuri. Ukizaliwa unapewa cheti. Ukitaka kukitumia unakitoa nakala. Nakala ikishatoka unaipeleka, pamoja na cheti chenyewe, Wizara ya Ulinganifu, ambako ofisa anavitazama vyote viwili, kulia, kushoto, kulia tena, kisha anagonga muhuri wa zambarau usemao NAKALA HALISI. Bila muhuri huo huwezi kuoa, kuzika, kufungua genge la nyanya wala kuugua kwa amani. Wapo waliofia kwenye foleni, na jamaa zao wakaombwa kwa upole wasimwondoe marehemu mpaka zamu yake ifike.

Hata kiongozi wa nchi, anayeitwa kwa heshima Mlezi Mkuu, hulinganishwa mara moja kwa mwaka na picha yake inayoning'inia katika kila ofisi. Picha ilipigwa miaka thelathini na miwili iliyopita: kijana mwenye shingo ndefu na nywele nyeusi tii. Mwaka mmoja ofisa mpya, mtu mkweli kupita kiasi, aliitazama picha, akamtazama Mlezi Mkuu, akasema, "Hafanani." Ofisa huyo sasa anasimamia kituo cha kupima mvua kule jangwani. Baadaye Wizara ilitoa ufafanuzi: picha ndiyo asili, Mlezi Mkuu ni nakala. Tangu siku hiyo hakuna aliyepata shida.

Pembeni ya picha hiyo huning'inia ya mkewe, Mama Mlezi, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Cheti chake cha umri kinasema ana miaka thelathini na tisa. Kimekuwa kikisema hivyo kwa muda mrefu. Kila Januari nakala mpya huletwa Dirisha Namba Saba, hulinganishwa na nakala ya mwaka uliotangulia, hukutwa inafanana nayo hadi nukta, na hugongwa muhuri. Kama kuna ubaya hapo mimi sijauona.

*

Nyuma ya Dirisha Namba Saba aliketi Bi Siwema Mbelwa, mjane wa miaka hamsini na moja. Alikuwa na mkono mwepesi, na jicho ambalo Wizara ilijivunia mbele ya wageni. Ukimwekea saini mbili za mtu mmoja, moja ya asubuhi na nyingine ya baada ya ugali, alikuambia ipi ni ipi. Kwa miaka ishirini na saba aligonga mihuri bila kuvujisha wino hata chembe.

Ukumbi wake haukuwa na upepo. Zamani ulikuwa na feni, lakini siku moja feni hiyo ilichanganya faili mbili, na kwa miezi minne Waziri wa Maji akawa binti wa miaka sita anayesubiri chanjo ya surua. Alichanjwa. Ndipo ukatoka Waraka Namba Nne, uliong'oa feni, ukapigilia madirisha misumari, ukapiga marufuku "hewa yoyote inayotembea". Kujipepea kwa karatasi kukahesabiwa ni kutengeneza upepo bila leseni.

Siwema aliuzoea ukumbi huo mpaka mwezi wa pili wa mwaka jana. Siku hiyo joto lilimwanzia chini ya titi la kushoto, kana kwamba mtu kamwashia jiko la mkaa humo ndani. Likapanda shingoni, likafika masikioni, na kabla hajamaliza kulinganisha tarehe, tone la jasho lilidondoka kutoka puani likatua katikati ya muhuri mbichi. Stashahada ya muuguzi mmoja ikawa ziwa la zambarau.

"Dada Siwema, kwani umemeza pasi?" aliuliza Bwana Kisaka wa Dirisha Namba Nane, mtu wa kipara na utani mwingi.

"Ngoja yakukute."

"Yangu yalishanikuta, dada. Nywele zilihama bila kuaga."

Tone la pili liliangukia hati ya ndoa ya mjomba wa Mkurugenzi, na mjomba akalazimika kulala sebuleni siku tisa akisubiri hati mpya. Siwema akaitwa, akasomewa kanuni. Muhuri kuvuja mara tatu ni kosa la Kuchafua Uso wa Taifa. Mwenye kosa hufukuzwa, na mihuri yote aliyowahi kugonga kwa haki hubaki kuwa ya haki, ila yeye mwenyewe hatambuliki.

Matone mawili yalikuwa yameshahesabiwa. Joto lilikuja mara kumi na nne kwa siku. Nadhani unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

*

"Shikamoo mama," alisema Daktari Nsia, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Marahaba. Daktari, nina malaria inayokuja na kuondoka kama mpangaji."

"Hedhi ya mwisho uliiona lini?"

Siwema alifikiri. "Wakati wa sensa."

Daktari alimpima, akamuuliza maswali mengi, kisha akaketi. "Si malaria, mama. Hedhi imekoma. Kuna homoni mwili wako ulikuwa ukizitengeneza tangu usichana, sasa umeacha. Ndiyo maana joto, ndiyo maana usingizi unakukimbia, ndiyo maana unaingia chumbani ukasahau ulifuata nini."

"Nilidhani ni uzee wa akili."

"Akili yako ni nzima. Umewahi kuganda damu mguuni? Kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya titi? Ini je?" Siwema akatikisa kichwa kila mara. "Si dawa ya kila mwanamke, lakini kwako inafaa, na tutakuwa tunakupima. Ni homoni iliyotolewa kwenye mimea, ikatengenezwa maabara mpaka ikawa na umbo lile lile la homoni ya mwili wako. Mwili ukiipata hautajua tofauti."

"Basi nipe, mwanangu. Nipe hata ya leo tu."

Daktari Nsia aliinamisha kichwa. "Yamefika makasha mia sita. Yako Bohari Kuu, yamefungwa. Kosa ni langu, mama. Kwenye fomu ya kuingiza dawa niliandika: *inafanana kabisa na ile ya mwili*."

 Miaka ishirini na saba ilikuwa imemfundisha Siwema kazi ya maneno hayo.

"Ungeandika dawa ya joto," alisema mwishowe.

"Ningeandika dawa ya kuku yangepita siku ile ile."

*

Mkurugenzi wa Ulinganifu, Bwana Msabaha, alikuwa ameshaunda kamati. Ilikuwa na wanaume kumi na mmoja, mmoja wao golikipa mstaafu, aliyeteuliwa kwa uzoefu wake wa kuzuia. Siwema alisimama mbele yao, mikono nyuma, akiomba joto lisubiri.

"Serikali hii," alianza Mkurugenzi, akisimama polepole ili tai isimtangulie, "serikali hii sikivu, pevu na isiyolala, haiwezi, narudia, haiwezi kuruhusu nakala zizurure ndani ya miili ya raia bila kulinganishwa na asili zake! Leo ni homoni, kesho itakuwa ini! Mtu atatembea barabarani kumbe ndani ni nakala tupu! Bi Siwema, wewe ni mtumishi mzoefu. Nakala hugongwa muhuri mbele ya nini?"

"Mbele ya asili, mkuu."

"Basi leta asili."

"Asili imekwisha, mkuu. Ingekuwepo nisingehitaji dawa."

Golikipa alinong'ona jambo. Wajumbe wakanong'onezana. Mkurugenzi akakohoa.

"Kamati inauliza: imekwisha, au umeipoteza?"

"Imekoma."

"Kanuni haina kukoma. Ina kuwepo, kuungua na kupotea. Imeungua?"

Siwema alihisi jiko likiwaka chini ya titi. "Kwa namna fulani, mkuu."

"Una cheti cha zimamoto?"

"Sina."

"Basi imepotea. Nenda polisi ukachukue hati ya upotevu, utangaze gazetini siku kumi na nne, kisha urudi. Utaratibu unaujua kuliko sisi."

Kweli aliujua. Alikuwa ameueleza kwa watu maelfu kupitia tundu la kioo, tena kwa sauti nzuri.

*

Kituoni, polisi wa zamu alifungua daftari, akalamba kidole.

"Umepotelewa na nini, mama?"

"Homoni, afande."

"Aina gani?"

"Estrojeni. Na nyingine inaitwa projesteroni."

"Zote mbili zilikuwa kwenye mkoba mmoja?"

"Zilikuwa mwilini."

Polisi alimtazama kwa huruma. "Wezi wa siku hizi! Rangi yake?"

"Haina rangi."

"Nitaandika nyeupe. Mara ya mwisho kuiona ni lini?"

"Sikuwahi kuiona, afande. Nilikuwa nayo tu."

"Hapo ndipo mnapokosea," alisema polisi akigonga muhuri wake mdogo. "Mtu ana kitu cha thamani, hakiangalii. Unamshuku nani?"

Siwema alitaka kucheka, akaona cheko lenyewe lina jasho. "Andika hakuna."

Tangazo lilitoka gazetini ukurasa wa kumi na tano, kati ya kiwanja kinachouzwa na mganga wa mapenzi: *Imepotea homoni nyeupe, mali ya Bi S. Mbelwa. Atakayeiokota airudishe Dirisha Namba Saba.*

Siku ya kwanza mzee mmoja alileta bangili. Siku ya pili kijana alileta jino. Siku ya tatu, kabla geti halijafunguliwa, wanawake arobaini walikuwa wamejipanga nje. Hawakuwa wameokota kitu. Kila mmoja alishika hati ya upotevu.

"Na mimi imenipotea," alisema wa kwanza, muuza vitenge, akiegemea kaunta. "Ila mimi nilidhani nimerogwa. Mume wangu analala juu ya paa, anasema kitanda kimekuwa tanuri."

"Mimi ni mwalimu," alisema wa pili. "Juzi nilisahau jina la mlima wetu mrefu kuliko yote. Watoto wakaniambia. Nikalia mbele yao, halafu nikasahau nalia nini."

Mpaka mwisho wa siku kumi na nne walikuwa mia nne. Foleni ilizunguka jengo, ikarudi ikajikuta yenyewe, na baadhi ya wanawake wakasimama siku nzima nyuma ya mwanamke aliyesimama nyuma yao. Magazeti yaliandika kwamba kuna genge la wezi wa homoni. Mpakani, maofisa wa forodha waliagizwa kukagua shingo za abiria.

*

Ndipo busara ya juu ikashuka. Mlezi Mkuu alihutubia taifa kwa saa tatu na nusu. Sehemu inayotuhusu ilikuwa fupi.

"Wananchi! Ikiwa asili zenu zimepotea, mimi mlezi wenu sitawaacha. Nitawakopesha ya nyumbani kwangu! Mke wangu mpendwa, ana miaka thelathini na tisa, ni mzima, hajakoma na hatakoma! Kuanzia leo yeye ni Asili ya Taifa. Dawa ikifanana na yake, itagongwa muhuri. Isipofanana, itachomwa!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walishangilia, na Siwema akashangilia kuliko wote. Najua utamcheka. Lakini mtu aliyefungiwa humchangamkia hata mwenye funguo za mlango mwingine.

Damu ya Mama Mlezi ilitolewa uwanjani, bendi ikipiga, kamera zikimulika. Alivaa gauni jeupe na glavu. Waliokaa karibu walisema alijipangusa paji la uso mara sita, bila shaka kwa machozi ya uzalendo. Daktari Nsia alichukua chupa, akaenda kuipima, akarudi na karatasi, akasimama mbele ya kipaza sauti muda mrefu.

"Soma, daktari!" aliamuru Mkurugenzi Msabaha.

"Kiasi cha homoni," alisema Daktari Nsia, "ni karibu na hakuna."

Bendi ilikosea noti moja. Mkurugenzi akakichukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mmesikia wenyewe! Asili ya Taifa imepatikana, na kiasi chake kinajulikana! Huo ndio unyenyekevu wa Mama yetu: hajilimbikizii!"

Jioni ile kamati ilitoa matokeo mawili. Kwanza, dawa iliyoko Bohari ilikuwa na homoni nyingi kuliko asili, hivyo ni nakala iliyozidi asili, hivyo ni bandia, hivyo ibaki chini ya kufuli mpaka siku ya kuchomwa. Pili, wanawake wote mia nne walikutwa wanafanana na Mama Mlezi kwa asilimia mia moja, hivyo hawana tatizo lolote, na watagongwa muhuri mkononi kuthibitisha hivyo. Asiyeridhika aliruhusiwa kujaza Fomu ya Kuomba Kutofanana na kwenda kuchukua kasha lake moja, sharti fomu iwe na saini ya Asili mwenyewe.

Daktari Nsia alipandishwa cheo siku ya pili yake. Kituo cha kupima mvua kilikuwa na nafasi.

*

Kazi ya kuwagonga wanawake ilipewa Dirisha Namba Saba, kwa sababu ya ubora wa mkono.

Siwema aliwagonga siku nne. Mikono ilipita kwenye tundu la kioo mmoja baada ya mwingine: mikono ya kufulia, ya chaki, ya mitishamba, ya kusukuma chapati. NAKALA HALISI. NAKALA HALISI. Joto lilipokuja, alirudisha kichwa nyuma, akakaza shingo, akaacha jasho lishukie mgongoni, na akagonga bila kutazama. Wa mwisho kabisa aligonga wake mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na hata huo ulitoka safi.

"Asilimia tisini na tisa ya wengine wangeshavujisha," alisema Kisaka. Safari hii hakutania. "Dada, omba likizo."

"Likizo inataka cheti cha ugonjwa. Nina muhuri mkononi unaosema sina."

Siku ya tano, saa tisa alasiri, mwanamke wa namba mia nne na kumi na mbili alisogea dirishani. Alikuwa amejifunika baibui kuukuu na ushungi ulioshuka hadi kwenye nyusi, na amevaa viatu vilivyogharimu kuliko jengo. Alisukuma karatasi chini ya kioo. Ilikuwa Fomu ya Kuomba Kutofanana. Jina: Bi Mashavu Kondo. Kazi: muuza mihogo. Chini, mahali pa saini ya Asili, palikuwa na saini.

Siwema aliitazama. Mkia wa herufi ya mwisho ulipinda kushoto, kama ulivyopinda kila Januari kwenye cheti kile cha umri. Na wino wake ulikuwa bado mbichi.

Hakuinuka. Hakupiga goti. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Mama, mihogo bei gani?"

Mwanamke aligutuka. "Ya... kama kawaida."

"Ungemtuma mtu."

"Kila anayetumwa kutoka kwetu huandika ripoti." Ushungi ulikuwa umelowa. "Dada, naomba ugonge. Sijalala vizuri miaka kumi na minne. Yeye amehamia chumba cha wageni, anasema nachemka. Naomba kasha moja tu."

"Kasha lako nitaligonga. Lakini ukisema, yatafunguliwa yote mia sita. Wewe ndiye Asili, mama. Neno lako moja tu: imekoma. Kanuni nzima inaanguka."

"Nikisema, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mwanamke mwenye dawa."

Mama Mlezi aliinua macho ukutani, kwenye yale mashavu yanayocheka. Aliyatazama kama mtu anayetazama nyumba aliyopanga na kodi imepanda. "Mimi nina miaka thelathini na tisa," alisema taratibu.

Siwema alishusha pumzi. Akabonyeza muhuri kwenye pedi ya wino, akaugonga kwenye fomu, akaisukuma chini ya kioo. Mwanamke akainama kuipokea, na kutoka chini ya ule ushungi likadondoka tone moja, zito. Likatua katikati ya muhuri.

Zambarau ikatambaa pande zote.

"La tatu!" ilisema sauti nyuma ya Siwema. Mkurugenzi Msabaha alikuwa kwenye matembezi yake ya ukaguzi.

"Tone hili si langu, mkuu."

"La nani?"

Siwema alimtazama mwanamke aliye nje ya kioo. Alimtazama muda mrefu, wa kutosha mtu kusema neno. Mwanamke alivuta ushungi.

"Mimi sikuona kitu," alisema.

"Basi ni la hewa," alisema Siwema.

"Hewa ni marufuku humu ndani," alisema Mkurugenzi, na akanyoosha mkono kuomba kitambulisho.

*

Barua ya kufukuzwa kazi ilichapwa hapo hapo, nakala mbili. Siwema aliichukua, akapanga kikapu chake, akaenda getini. Mlinzi alimwomba kitambulisho.

"Kimechukuliwa. Nimefukuzwa."

"Barua?"

Akampa. Mlinzi aliigeuza. "Hii haijagongwa, mama. Barua ya kufukuzwa bila muhuri siyo ya kweli. Bado wewe mfanyakazi, na mfanyakazi hatoki bila kitambulisho."

Akarudi ukumbini. Dirisha Namba Saba lilikuwa limefungwa kwa kukosa ofisa. Namba Nane ilikuwa na foleni. Alipewa namba mia nne na kumi na tatu, akaketi kwenye benchi ambalo kwa miaka ishirini na saba alikuwa akiliona kwa mbele tu. Hakuwa anajua kwamba ubao wake una msumari.

Pembeni yake aliketi namba mia nne na kumi na nne. Fomu iliyovuja ni batili. Mwenye nayo huanza upya.

Hawakusalimiana. Joto lilimjia Siwema kutoka lilipozoea kutokea, na safari hii hakuwa na muhuri wa kuulinda, akaliacha lipande. Macho yakaingia kiza. Ndipo akahisi kitu shavuni: chepesi, baridi, kinakwenda na kurudi. Mama Mlezi alikuwa ametoa cheti chake cha umri kutoka kwenye mkoba, na alikuwa akimpepea. Ilikuwa hewa ya kwanza kutembea ndani ya ukumbi ule tangu Waziri wa Maji alipochanjwa.

"Nisamehe, mwenzangu," alinong'ona.

"Pepea," alisema Siwema.

"Nani anatengeneza upepo?" aliita Kisaka kutoka dirishani, kwa sauti ya kazi.

 Mkono wa Mama Mlezi ulisimama hewani. Kisha akainuka, akavua ushungi, nywele nyeupe zikaonekana zimelowa chapachapa, akatembea hadi kwenye kioo.

"Mimi."

"Jina?"

"Mimi ni Mama Mlezi." Mtu mmoja kwenye foleni alidondosha faili. "Nina miaka sitini na sita. Hedhi yangu ilikoma miaka kumi na minne iliyopita. Lile tone lilikuwa langu, si la dada yule. Mrudishieni kazi. Na fungueni makasha."

Alisema. Wanawake wote walisikia, na hata picha zilisikia. Siwema alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

Kisaka alijipangusa kipara. Alitazama huku na huku kutafuta wa kumsaidia, hakumwona. Basi akafanya kile alichofundishwa.

"Una cheti?"

Mama Mlezi alimpa kile alichokuwa akipepea. Kisaka alikitazama, akamtazama yeye. Kulia, kushoto, kulia tena. Kisha akageuka kuitazama picha ukutani.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi, "cheti hiki ni cha mtu wa miaka thelathini na tisa. Wewe umesema sitini na sita. Na asili ni ile pale ukutani." Akaielekeza kwa kidole. "Hufanani."

"Mwite mkubwa wako!"

Mkurugenzi Msabaha aliitwa. Alimtambua, hilo lilionekana wazi, maana magoti yake yalianza kupinda kwa heshima kabla hajayakataza. Akalikumbuka jangwa. Alipiga simu Jumba Kuu, akasikiliza, akaweka simu chini.

"Jumba Kuu linasema Mama Mlezi yupo salama, ananing'inia mahali pake," alitangaza. "Huyu hafanani. Apewe namba mpya. Asitoke mpaka ithibitike yeye ni nani."

"Lakini amesema mwenyewe!" Siwema alipaza sauti. "Kisaka, umemsikia kwa masikio yako!"

"Dada Siwema, utaratibu unaujua kuliko mimi." Kisaka alikibandika cheti kwenye kioo, upande wa ndani, ili aone mwenyewe. "Muhuri huu hapa."

Siwema alisogea. Aliuangalia kwa lile jicho lake. Ulikuwa wa Januari ya mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya tone la kwanza. Aliugonga yeye, akiwa anazungumza na mtu kuhusu bei ya mchele. Ulikuwa umekolea vizuri pande zote, herufi zote zinasomeka, hauna hata doa.